Boti za mwendokasi za rimoti Tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa anayeunda boti ya umeme ya urefu wa sentimita 60 hadi 80 kutoka kwenye seti na kuikimbiza kwenye maji ya chumvi. Maelekezo mengi yanayokuja na seti yameandikwa na watu wanaokimbiza boti kwenye mabwawa ya maji baridi, na kwao chumvi, mchanga na kupwa kwa maji si tatizo. Kwetu hayo ndiyo yanayoua boti. Ni nadra mota ndogo kuwa sababu.

Nianze na umbo gani la boti?

Anza na ganda moja lenye tumbo la umbo la V. Linapasua viwimbi vya Raskazone, hapa Tanga, bila kuruka hovyo, na likipinduka, mara nyingi kosa linarekebishika. Ganda pacha lina kasi zaidi na halilali sana kwenye kona, lakini upepo ukiingia katikati ya maganda mawili huinua omo (mbele ya boti) na boti hupiga kichwa-ngomba kinyumenyume. Aina ya tatu ina mwili mwembamba katikati na maboya mawili pembeni, mfano wa ngalawa na marengu yake. Hiyo ndiyo yenye kasi kuliko zote, na inataka maji yaliyolala kama kioo. Usiiguse mwaka wa kwanza.

Ganda la fiberglasi, plastiki au mbao?

Fiberglasi, ukiweza. Ni gumu na linakarabatika. Plastiki ya ABS ni nafuu lakini hulegea likiachwa juani, na tumbo likipinda hata milimita moja karibu na tezi (nyuma ya boti), boti haitakwenda sawa tena. Seti za mbao, kwa kawaida plaiwudi ya milimita 1.5 hadi 3, ndizo zinazofundisha zaidi. Sharti lake moja ni kwamba kila upande wa ndani upakwe epoksi nyepesi mikono miwili au mitatu kabla ya kufunga sitaha, kwa sababu baada ya hapo hufiki tena.

Seti inakuja na nini?

Soma orodha kabla ya kulipa. Nyingi zina ganda, kitanda cha mota, shafti na bomba lake, usukani na kishikilia shafti cha tezini. Mota, kidhibiti mwendo (huandikwa ESC kwenye pakiti), betri, chaja, servo (mota ndogo ya kugeuza usukani), rimoti na risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti) mara nyingi hununuliwa kando, na gharama yake huzidi ya ganda lenyewe. Ukiagiza vya kuletewa na msafiri wa ndege, kumbuka betri za lithiamu hubebwa kwenye mzigo wa mkononi tu, zikiwa zimezibwa ncha. Hadi 100 Wh (wati-saa) kwa kawaida hazihitaji kibali cha shirika la ndege. Zidisha volti kwa ampea-saa: betri ya 14.8 V na 5 Ah ni 74 Wh, inapita. Ya 22.2 V yenye ujazo uleule ni 111 Wh, nayo inahitaji kibali.

Nitajuaje mota, betri na rafadha (mafundi wengi huiita panga boi) vinaendana?

Hapa ndipo pesa nyingi huungua, kwa hiyo fanya hesabu kwanza.

Namba ya KV kwenye mota ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, mota ikiwa haina mzigo. Mota ya KV 2,000 kwenye betri ya seli 4, yaani 14.8 V, huzunguka mara 29,600 kwa dakika. Kwa boti ya sentimita 70, lenga kati ya 25,000 na 30,000. Chini ya hapo utalazimika kuweka rafadha kubwa, na juu ya hapo shafti na beringi huchoka mapema.

Rafadha ina namba mbili: kipenyo na hatua, yaani umbali ambao ingesogea kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa kitu kigumu. Kwa rafadha za Octura, X440 maana yake ni kipenyo cha milimita 40 na hatua ya mara 1.4 ya kipenyo hicho. Chukua rafadha ya 40 kwa 52: 29,600 mara milimita 52 ni mita 1,539 kwa dakika, karibu kilomita 92 kwa saa. Usizitangaze bado. Mzigo na kuteleza kwa rafadha majini huondoa theluthi au zaidi, kwa hiyo tarajia 55 hadi 65.

Mpangilio salama wa kuanzia kwa ganda hilo: mota isiyo na brashi ya kipenyo cha milimita 36 na urefu wa 60, KV 1,800 hadi 2,000, kidhibiti mwendo cha ampea 120 chenye kupozwa kwa maji, betri ya seli 4 ya 5,000 mAh, shafti ya waya ya milimita 4, rafadha ya milimita 38, halafu 40 ukishaona joto liko chini.

Usiruke kutoka 40 kwenda 42 ukidhani ni jambo dogo. Kwa mizunguko ileile na umbo lilelile, mzigo wa rafadha hupanda kwa kipeo cha tano cha kipenyo. Milimita 2 tu huongeza zaidi ya robo ya mzigo. Ndiyo maana kidhibiti mwendo kilichokuwa vuguvugu jana leo kinatoa moshi.

Rafadha mpya inahitaji kazi gani kabla ya kufungwa?

Za shaba huja butu na hazijasawazishwa. Inolewe ukingo wa mbele kwa tupa laini na msasa, kisha ipitishwe kwenye ncha mbili za kusawazisha mpaka isimame popote bila upande mmoja kuzama. Isiyosawazishwa hutikisa shafti na kula beringi. Kama ni ya shaba ya berili, sugua msasa ukiwa ndani ya maji na vaa barakoa, kwa sababu vumbi lake ni sumu kwa mapafu.

Kwa nini gundi yangu ya epoksi haishiki, au inaganda kabla sijamaliza?

Joto na unyevu wa Tanga. Epoksi ya dakika 30 imepimwa kwenye vyumba vya baridi. Hapa mchana wa kaskazi inaweza kukupa nusu ya muda huo, na ikiachwa imejaa kwenye kikombe inajichemsha yenyewe. Changanya kidogo kidogo, imwage kwenye kifuniko bapa ili joto litoke, na fanya kazi alfajiri. Pima kwa mizani ndogo ya gramu 0.1, usikadirie kwa macho. Kuongeza kigumisho hakuharakishi chochote, kunaacha gundi laini daima.

Unyevu nao huacha utando kama nta juu ya epoksi iliyokauka. Ukipaka mkono wa pili juu yake hautashika. Osha kwa maji safi na sponji ya jikoni, kausha, piga msasa, ndipo uendelee.

Kabla ya kugandisha chochote ndani ya ganda, kwaruza kwa msasa namba 80 mpaka mng'ao uishe. Fiberglasi ifutwe kwa asetoni. ABS ifutwe kwa spiriti tu, maana asetoni huiyeyusha. Epoksi ya dakika 5 itumike kushikiza kwa muda, isitumike kwenye kitanda cha mota, kwa sababu hulainika mota ikipata moto. Rezini ya poliesta inayotumika kwenye boti kubwa za uvuvi pia si mbadala: haishiki vizuri juu ya ganda lililokwisha kukauka, na inayeyusha povu jeupe la kuelea.

Shafti yangu inapiga kelele na kukata. Tatizo nini?

Karibu kila mara ni mstari. Shafti ya waya iliyosokotwa hupita ndani ya bomba la shaba njano lenye mpira wa tefloni ndani. Bomba hilo lipinde kwa mkunjo mmoja mrefu na wa taratibu. Ili lisibonyee, lijaze mchanga mkavu uliochekechwa, ziba ncha zote, kisha lipinde juu ya kitu cha mviringo kama debe. Ukimaliza lisafishe kwa maji na upulize mpaka punje ya mwisho itoke. Mchanga ukibaki ndani unakuwa msasa.

Mota iwekwe mwisho, baada ya bomba. Funga kapulingi (kiunganishi cha mota na shafti), zungusha kwa vidole, na usikilize. Isikaze popote, wala mota isisogee ukibana bolti zake. Ikisogea, weka washa za bolti chini ya kitanda mpaka itulie.

Kisha kuna nafasi ambayo wageni wa mchezo huu huiziba wakidhani ni kasoro. Kati ya kishikilia shafti na kishika rafadha (kipande kinachobana shafti mbele ya rafadha), acha milimita 3. Shafti ya waya ikipata mzigo hujisokota zaidi na kufupika. Pasipo nafasi, itajivuta ikandamize kishikilia, isage beringi na kuunguza mota. Hakikisha pia mota inazunguka upande wa kukaza msokoto wa waya. Ikizunguka kinyume shafti hufunguka kama kamba ya katani na kukatika siku hiyohiyo. Kubadili upande wa mota isiyo na brashi, badilishana waya mbili zozote kati ya zile tatu.

Uzito ukae wapi?

Kwa ganda la V, kitovu cha uzito kikae karibu asilimia 30 ya urefu wa ganda kutoka ubao wa tezi. Ganda la milimita 700: milimita 210. Pima boti ikiwa kamili, betri ndani na kifuniko juu, kwa kuilaza juu ya fimbo ya mviringo. Betri zifungwe kwa velkro ili zisogezwe, kwa sababu zitasogezwa.

Kishikilia shafti kiwekwe urefu gani?

Boti hizi hukimbia rafadha ikiwa nusu nje ya maji. Anza na sehemu ya chini ya kishikilia ikiwa sawasawa na mkuku (mstari wa chini kabisa wa tumbo), na shafti sambamba na tumbo. Ukiinua ncha ya rafadha, omo huinuka; ukiishusha, omo hulala. Badilisha milimita moja kwa safari moja na uandike. Anayebadilisha vitu vitatu kwa pamoja hatajua kipi kilichosaidia.

Boti inarukaruka kama pomboo.

Uzito uko nyuma mno, au ncha ya rafadha iko juu mno. Sogeza betri mbele milimita 10. Ikiendelea, shusha kidogo vibao vya tezi (vibao vidogo vya kurekebisha vilivyofungwa pande mbili za ubao wa nyuma), pande zote sawa.

Inayumba kulia na kushoto ikikolea kasi.

Hapo boti inalalia ukingo mmoja wa tumbo kisha mwingine. Angalia kwanza kama vibao vya tezi vinalingana, kwa kuweka rula chini ya tumbo. Kisha punguza rafadha au sogeza uzito mbele. Tumbo lililopinda halitibiwi kwa vibao, linanyooshwa kwa epoksi na msasa juu ya kioo.

Inalalia upande wa kulia hata ikienda moja kwa moja.

Rafadha za kawaida huzunguka kinyume cha saa ukizitazama kutoka nyuma, na ganda hujibu kwa kulala kulia. Sogeza betri kushoto milimita chache, au shusha kibao cha kulia kwa unene wa kadi.

Inapinduka kwenye kona.

Boti za mashindano hukata kona kulia, na pezi la kushika maji hufungwa kulia kwa sababu hiyo. Ukikata kushoto kwa kasi kamili, pezi linakosa kazi na boti inapinduka. Kama inapinduka hata kulia, punguza mwendo wa servo ya usukani kwenye rimoti hadi nusu, na hakikisha ukingo wa pezi ni mkali. Pezi lenye mapengo kwa kugonga mwamba hushika na kuachia, na hapo ndipo boti hujizungusha.

Nikimbizie wapi Tanga, na saa ngapi?

Ghuba ya Tanga imekingwa vizuri kuliko sehemu nyingi za pwani, lakini ina bandari. Kaa mbali na njia ya meli na matishari, mbali na gati, na usiweke boya lolote bila kuzungumza na wenye mamlaka ya eneo. Kwenye mialo kama Deep Sea wavuvi wana haki ya kwanza: jarife (wavu) likinasa rafadha, hasara ni ya pande mbili. Sehemu ya pwani kati ya Pangani na Tanga iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyotangazwa mwaka 2009, kwa hiyo ukitoka mjini kuelekea kusini uliza kwanza. Penye mikoko na nyasi za bahari usikimbize kabisa.

Saa ni jambo la kalenda ya mwezi. Siku za bamvua, mwezi mpevu na mwandamo, maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na katikati ya asubuhi yamekupwa mpaka tope na mawe yako wazi. Huo ndio wakati mbaya kabisa wa kuja na boti, na ndio wakati ambao wengi huja. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji hujaa karibu saa 4 asubuhi, hayapandi sana wala hayakimbii sana. Chagua siku hizo. Ingia majini tangu saa 2, upepo ukiwa bado haujaamka, umalize kabla ya mchana. Kila siku inayopita, saa ya kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50.

Miezi ya maleleji, kusi na kaskazi zikipokezana, huwa na shwari nyingi kuliko kusi yenyewe ikishapamba moto.

Nizuie vipi maji yasiingie?

Maji yataingia. Kazi yako ni yawe kidogo na yasikute umeme. Kifuniko kizibwe kwa selotepu pana pande zote, na uso upanguswe chumvi kwanza la sivyo haitashika. Risiva ivalishwe puto na kufungwa shingo kwa zip-tai. Servo ipakwe grisi kwenye mhimili wake. Plagi zote zipate grisi ya silikoni. Na weka povu: lita moja ya povu husukuma juu takriban kilo moja, hivyo boti ya kilo 2.2 ijazwe lita 2 walau, zaidi kwenye omo na pembeni.

Antena itoke juu ya sitaha ndani ya mrija. Mawimbi ya 2.4 GHz hayapiti majini. Weka rimoti ili ikipoteza mawasiliano mota izime, na lijaribu hilo nchi kavu kwa kuzima rimoti, rafadha ikiwa imeondolewa.

Baada ya kukimbiza nifanye nini?

Nusu saa hii ndiyo inayoamua kama boti itafika msimu ujao, na haina njia ya mkato.

Chomoa betri. Fungua kifuniko, mwaga maji. Suuza ganda, usukani na kishikilia kwa maji baridi, lita 5 zinatosha. Chukua sirinji ya mililita 60 na usukume maji baridi mara tatu kwenye njia ya kupozea, kuanzia tundu la usukani hadi yatoke pembeni, kisha pulizia hewa. Chumvi ikikaukia ndani ya mrija mwembamba hujenga ukoko, na safari ijayo kidhibiti mwendo kinaungua huku ukidhani maji yanapita. Siku zote tazama mchirizi wa maji ubavuni mwa boti ikikimbia, ukikatika, rudisha.

Chomoa shafti yote nje. Ifute, itazame kama kuna uzi uliokatika, ipake grisi ya boti, irudishe, acha nafasi ileile ya milimita 3. Chuma cha shafti kikiachwa na chumvi kinaota kutu kufikia asubuhi. Beringi za mota zipate tone la mafuta mepesi. Bolti za chuma cha pua zilizoingia kwenye alumini zitolewe mara moja kwa mwezi na kupakwa grisi, maana metali hizo mbili na chumvi hulana mpaka zisifunguke tena. Boti ilale kifuniko kikiwa wazi.

Kidhibiti mwendo kimezama. Kimekufa?

Labda bado. Chomoa betri papo hapo, kisuuze kwa maji baridi mengi, kisha kwa spiriti, kikauke kivulini siku mbili. Ukikijaribu kabla hakijakauka, utakiua wewe.

Betri zinahitaji uangalizi gani?

Seli moja hujaa 4.2 V na isishuke chini ya 3.3 V. Chaji kwa ampea sawa na ujazo: 5,000 mAh kwa ampea 5, ukitumia chaja inayosawazisha seli. Chaji nje juu ya vigae au mchanga, ndoo ya mchanga ikiwa karibu, na usiondoke. Betri iliyotoka majini ikiwa ya moto ipoe kwanza. Za kukaa zaidi ya siku mbili ziachwe 3.8 V kwa seli. Iliyovimba haitumiki tena, hata kama bado inachaji.

Muda wa kukimbia: tumia asilimia 80 ya ujazo, yaani 4 Ah. Kwa wastani wa ampea 60 ni dakika 4. Weka kengele ya dakika 3, ibaki akiba ya kurudi.

Boti imezimika mita 60 kutoka ufukweni. Niogelee?

Hapana. Kuwe na mtumbwi au kayaki kabla boti haijashushwa, au mshipi wa kuvulia wenye mpira wa tenisi mwishoni: urushe kuvuka boti, vuta taratibu. Mkondo wa maji yanayokupwa humchukua mtu kama unavyochukua boti.

Watoto na waogeleaji?

Boti ya kilo 2 kwa kilomita 60 kwa saa inagonga kwa nguvu ya dafu la kilo 2 lililoanguka kutoka mita 14, mnazi mrefu. Pakiwa na mtu majini, boti haishuki. Usiunganishe betri mkono ukiwa karibu na rafadha, na washa rimoti kabla ya boti, uizime baada yake.

Mbio zenyewe zinaendeshwaje?

Shirika la dunia la mchezo wa meli na boti za mfano, NAVIGA, lipo tangu 1959, na sehemu nyingi hupanga madaraja kwa idadi ya seli za betri ili mkoba usishindane na ufundi. Kwa boti 4 au 5 za hapa, tosheka na daraja moja la seli 4. Maboya yawe madumu ya lita 5 yaliyofungwa mawe, mistari ya mita 60, upana wa mita 20, kuzunguka kulia, mizunguko 6. Mwanzo ni wa mwendo: saa inahesabu sekunde 30, boti zinazunguka nyuma ya mstari, anayevuka kabla ya sifuri anaadhibiwa kwa mzunguko mmoja wa ziada. Anayepita mwenzake apite nje, asikate ndani mpaka aache nafasi ya wazi ya boti kadhaa. Boti iliyokufa majini hubaki kikwazo: mtu mmoja awe na kazi ya kuitangaza kwa sauti na hana kazi nyingine. Kwa alama, mfumo unaotumika Marekani ni rahisi: 400 kwa wa kwanza, kisha 300, 225, 169. Jumla ya mbio nne humtoa mshindi, na anayefika kila mara humshinda mwenye kasi anayezama.

Na injini ya petroli?

Zipo, za ujazo wa cc 26 hivi, kwa maganda ya zaidi ya mita moja. Zina kelele inayosikika mbali, zinahitaji nafasi kubwa na mafuta ya kuchanganya. Maliza misimu miwili na umeme kwanza.